Mafunzo ya stoma baada ya upasuaji wa dharura: tathmini ya mgonjwa

Huduma ninayoitathmini hapa haiuzwi dukani, na wengi wetu hatujui kwamba ipo mpaka siku tunapoihitaji. Ni mafunzo anayopewa mgonjwa ambaye, kwa upasuaji wa dharura, utumbo wake umetolewa nje ya ukuta wa tumbo ili haja kubwa ipite hapo na kuingia mfukoni, yaani ile stoma. Nimeyapitia mwenyewe: vipindi vitano wodini na muuguzi wa stoma, kijitabu kimoja, namba ya simu ya kuuliza maswali, na mahudhurio mawili ya kliniki, la wiki ya pili na la wiki ya sita. Hukumu yangu naitoa mapema ili msomaji aliye kitandani asingoje mpaka mwisho. Vipindi vya muuguzi vilikuwa bora kuliko kitu chochote nilichopewa hospitalini ukiacha upasuaji wenyewe. Kijitabu ni dhaifu. Na siku zilizopita kabla muuguzi huyo hajafika kitandani kwangu zilinitesa bure, kwa kukosa maelezo ya dakika mbili.

Niliingia hospitali usiku, tumbo limewamba kama ngoma, na maumivu hayakuniachia nafasi ya kumsikiliza mtu. Utumbo mpana ulikuwa umejisokota, damu haikuweza kupita, na kipande chake kilikuwa kimeanza kufa. Daktari alinieleza kwamba huenda ningeamka na mfuko tumboni. Nikaitikia, nikatia sahihi, na katika maelezo yale yote sikumbuki neno jingine isipokuwa hilo la mfuko. Upasuaji niliofanyiwa huitwa kwa jina la Henri Hartmann, daktari wa Kifaransa aliyeueleza mwaka 1921: kipande kibovu hukatwa, sehemu ya chini iliyobaki hufungwa na kuachwa ndani, na mwisho wa juu hutolewa nje upande wa kushoto wa tumbo. Haya nayajua leo. Asubuhi ile sikuyajua.

Anayepangiwa upasuaji wa namna hii mapema hupata kitu ambacho mgonjwa wa dharura hakipati, nacho ni muda. Muuguzi humlaza, humketisha, humsimamisha na kumwinamisha, akitafuta mahali pasipo na mkunjo wa ngozi wala kovu la zamani, pasipopitwa na mkanda, na ambapo mgonjwa mwenyewe anaweza kupaona, kisha hupatia alama ya kalamu. Mgonjwa huyo hupata nafasi ya kuuliza, ya kulia, ya kumwambia mwenzake, hata ya kushika mfuko mtupu na kuuchunguza. Mimi nililala nikiwa na tumbo la kawaida nikaamka na kitu chekundu kimechomoza chini ya plastiki. Kwa hiyo kumfundisha mgonjwa wa dharura si kumpa somo lile lile kwa kuchelewa. Mwalimu anamkuta mtu ambaye tayari amejitungia maelezo yake, na mengi ya maelezo hayo ni ya kutisha kuliko ukweli.

Nieleze yaliyonipata. Kwa siku mbili nzima baada ya kuzinduka nilivalishwa mfuko unaoonyesha kila kilichomo. Kila muuguzi wa zamu aliyepita alifunua shuka, akainama, akatazama, akaandika, akaondoka. Yote mawili niliyaelewa vibaya: ule mfuko wa kuonyesha niliuchukulia kuwa ni kutojali aibu yangu, na kule kuinama na kuandika bila neno nilikuchukulia kuwa ni dalili ya jambo baya ninalofichwa. Sikulala. Siku ya tatu ndipo muuguzi wa stoma aliponieleza kwamba mfuko wa siku za mwanzo huwa wa kuonyesha kwa makusudi, ili wahudumu waione rangi ya stoma na kujua kama damu inafika vizuri bila kubandua mfuko kila mara, na kwamba kilichokuwa kikiandikwa ni kuwa rangi ni nzuri. Habari njema ilikuwa ikiingia kwenye faili langu kila baada ya saa chache, na mimi mwenyewe nimelala hapo hapo nikihesabu siku zangu za mwisho. Siwalaumu wauguzi wa zamu, kwani niliona jinsi walivyoelemewa. Lakini maneno "rangi ni nzuri" hayahitaji mtaalamu wala kijitabu, na yangeweza kutamkwa na mtu yeyote aliyefunua shuka lile.

Kipindi cha kwanza hakikuzidi dakika 15. Muuguzi alifunga pazia, akavuta kiti akaketi, macho yake yakawa sawa na yangu, kisha, badala ya kunieleza lolote, akauliza: "Baba, tangu uamke, ni kitu gani unachokiogopa zaidi?" Nikamwambia naogopa kugusa hapo, kwamba patapasuka. "Leo hutagusa kitu," akasema. "Leo tunatazama tu, na ukichoka kutazama unaniambia, tunafunika." Kabla hajafunua alinitaka nipitishe ulimi ndani ya shavu langu. Nikafanya hivyo. "Hicho unachokisikia kwa ulimi ndicho utakachokiona: laini, kina unyevu, chekundu. Si kidonda, sista hajasahau kukufunga." Ndipo aliponipa kioo kidogo, nikatazama.

Mfano ule wa shavu ulinifanyia kazi kuliko picha yoyote ya kijitabuni, maana uliuweka utumbo wangu katika jamii ya vitu ninavyovijua. Aliuongezea mambo machache tu. Stoma haina mishipa ya kuhisi maumivu kama ngozi, hivyo kuigusa hakuumi. Ikifutwa inaweza kutoa damu kidogo, kama ufizi unaposuguliwa na mswaki, kwa sababu mishipa yake midogo ya damu iko juu juu. Na rangi ya kuogopa ni zambarau iliyokolea, kahawia au nyeusi. Nikiiona hiyo niite mtu papo hapo, usiku au mchana. Nilishangaa kuona kwamba kutajiwa hatari hiyo waziwazi hakukuniongezea hofu. Kabla ya hapo kila kitu kilikuwa cha kuogopwa. Baada ya hapo nilijua la kuogopa ni lipi, na mengine yote nikaweza kuyaacha yapite.

Siku iliyofuata mfuko ulijaa hewa. Ulituna mpaka nikaukumbatia kwa mikono miwili nikiamini unakaribia kulipuka. Muuguzi alipokuja kwa kipindi cha pili alifurahi, jambo lililonikera mwanzoni, kisha akaeleza: hewa ndiyo ishara ya kwanza kwamba utumbo umeamka baada ya upasuaji, na choo kitafuata, kwanza kikiwa chepesi, baadaye kikishikamana kadiri wiki zinavyokwenda. Akanionyesha kufungua mdomo wa chini wa mfuko na kutoa hewa, kisha akanifundisha kanuni ambayo hadi leo ndiyo inayonilinda zaidi: mfuko umwagwe ukifika theluthi moja, au nusu ukizidi sana, kwa sababu uzito ndio unaoubandua. Hapo mkono wangu ulifanya kazi kwa mara ya kwanza, na kazi hiyo ilikuwa kufungua na kufunga tu.

Ninachokisifu ni mpangilio huo. Kutazama, kisha kufungua na kufunga, kisha kukata, kisha kubadilisha mfuko mzima chini ya uangalizi, kisha kuyafundisha yote kwa mtu mwingine. Hakuna kipindi kilichoanza kabla cha nyuma yake hakijakaa mikononi, na hakuna kilichobeba zaidi ya mambo matatu mapya. Mtu mwenye dawa za maumivu mwilini na usingizi wa vipande vipande hawezi kubeba zaidi, na muuguzi huyu alilijua hilo. Watu wengi walikuja kitandani kwangu na maneno ya faraja, kwamba nitazoea, kwamba wako wengi kama mimi. Niliwashukuru, na wakiondoka hofu ilibaki pale pale. Ilianza kupungua siku nilipofunga mdomo wa mfuko kwa vidole vyangu na usivuje.

Kipindi cha tatu ndicho ninachokikumbuka kwa undani zaidi. Nilipewa karatasi ngumu yenye matundu ya vipimo mbalimbali, nikayajaribisha juu ya stoma hadi nikapata linaloizunguka vizuri: milimita 38. Kwenye bamba la kunata, yaani ile sehemu ya mfuko inayoshika ngozi, nilitakiwa kukata tundu lililozidi kipimo hicho kwa milimita 2 au 3. Likiwa kubwa mno, choo kitaiunguza ngozi iliyoachwa wazi. Likiwa dogo mno, ukingo utaichubua stoma. Nilikata kwa mkasi mdogo uliopinda, mkono ukitetemeka, na tundu likatoka na meno meno. Nilidhani atalitupa anipe jingine. Akakishika kidole changu cha shahada, akakizungusha taratibu kwenye ule ukingo mpaka nikayahisi yale meno, akasema: "Lainisha kwa kidole, joto lako linatosha." Baada ya hapo nikasafisha ngozi kwa maji ya uvuguvugu matupu, maana sabuni zenye mafuta huzuia bamba lisishike, nikakausha kwa kugusagusa bila kusugua, nikalipasha bamba joto katikati ya viganja, nikalibandika kuanzia chini kwenda juu na kulikandamiza. Lilishika. Mke wangu, aliyekuwa amesimama miguuni pa kitanda, akaanza kulia, na muuguzi akamwacha alie.

Kuhusu mke wangu, alihudhuria kuanzia kipindi cha pili, na kila mara alipoona nahangaika alinyoosha mkono anisaidie. Muuguzi alimzuia kwa upole: "Mama, wewe ujue kila kitu, lakini mikono iwe yake." Wakati ule niliona ni ukali. Sasa naona alinikinga na jambo ambalo lingenifuata nyumbani kwa miaka, yaani kumtegemea mtu mwingine kwa haja yangu mwenyewe. Katika kipindi cha tano alitufungia pazia, akatuambia bila kuzungukazunguka kwamba tendo la ndoa linawezekana pindi mwili utakapopata nguvu, kwamba mfuko umwagwe kwanza, na kwamba baada ya upasuaji wa sehemu hiyo baadhi ya wanaume hupata shida ambayo inafaa kumwambia daktari badala ya kuinyamazia. Tusingeuliza sisi. Kisha akanigeuzia mafunzo yote: "Sasa mimi ndiye mgonjwa, nimeamka leo. Nieleze." Nikamweleza, akanikamata mahali pawili nilipokosea, tukaparudia, na siku ya pili yake nikaruhusiwa kwenda nyumbani.

Hospitali hiyo hupima wasiwasi wa wagonjwa kwa dodoso lililotungwa na Zigmond na Snaith mwaka 1983, lenye maswali 14, nusu yake ya wasiwasi na nusu ya huzuni, ambapo kila upande una alama kuanzia 0 hadi 21, na kuanzia 11 kwenda juu huashiria hali inayohitaji kuangaliwa kwa makini. Upande wa wasiwasi nilianza na 16 kabla ya kipindi cha kwanza, nikatoka wodini na 9. Sidai kwamba mafunzo pekee ndiyo yaliyozishusha alama hizo. Maumivu yalikuwa yamepungua, mipira ilikuwa imetolewa, na nilikuwa nimeanza kula. Najua tu kwamba mgonjwa wa kitanda cha pili, aliyefanyiwa upasuaji wa dharura usiku mmoja na mimi na ambaye maumivu yake yalipungua vilevile, hofu yake ilizidi, na sababu yake ilikuwa kijitabu.

Kijitabu hicho kina kurasa 24 za maandishi madogo, na kinamhudumia kila mwenye stoma kana kwamba stoma zote ni moja. Yangu ni kolostomia, ya utumbo mpana. Yake ilikuwa ileostomia, ya utumbo mwembamba, ambayo choo chake hubaki chepesi, hutoka mara nyingi kwa siku, na huondoka na maji na chumvi nyingi. Alisoma kwamba choo kitashikamana baada ya wiki chache, akawa anakichungulia kila asubuhi akiamini mwili wake umeshindwa kupona. Wakati huohuo mambo yaliyomhusu yeye hasa yalikuwa yametawanyika kurasa za nyuma: kwamba mdomo kukauka, kizunguzungu na mkojo mchache wenye rangi iliyokolea ni dalili za kupungukiwa maji, kwamba kunywa maji matupu kwa wingi hakutoshi na anahitaji mchanganyiko wenye chumvi na sukari kwa kipimo, kwamba vidonge vinavyotengenezwa ili viyeyuke polepole vinaweza kutoka vizima mfukoni, hivyo kila dawa mpya aiulizie. Vijitabu viwili vyembamba, kila kimoja na stoma yake, vingeondoa tatizo hili kabisa.

Mimi nami kilinipata kwa namna nyingine. Siku ya nne nikiwa nyumbani nilisikia haja kubwa ikinibana kwa njia ya zamani, njia ambayo nilikuwa nimeambiwa haitumiki tena. Nilikwenda chooni, ukatoka ute mweupe. Niliamini mshono wa ndani umeachia na kinachotoka ni usaha. Tulipiga ile namba ya simu. Ilikuwa Jumamosi jioni, na namba hupokelewa siku za kazi tu, hadi saa kumi alasiri. Tukarudi hospitali, tukangoja mapokezi ya dharura hadi usiku wa manane, na daktari wa zamu akaeleza kwa sentensi moja: kipande cha utumbo kilichoachwa ndani bado kiko hai, kinaendelea kutengeneza ute wake kama kawaida, na ute huo lazima utoke. Ni jambo la kawaida kabisa baada ya upasuaji wa aina yangu. Nilipofika nyumbani nikalikuta kijitabuni, ukurasa wa 19. Katika vipindi vitano vilivyopangwa kwa umakini kiasi kile, sentensi hiyo haikutajwa hata mara moja, na hilo ndilo pungufu kubwa zaidi la mafunzo yenyewe.

Hudhurio la wiki ya pili lilinisaidia kwa jambo moja la kiutendaji. Kwa kuwa mahali pa stoma yangu hapakuchaguliwa kwa alama, iko karibu na mkunjo, na nikikaa bamba huinuka upande mmoja. Muuguzi alinitaka niketi, niiname, nisimame, akapata pale ngozi inapojikunja, akaujaza mkunjo huo kwa pete laini ya kunata na kunipa mkanda wa kushikilia. Uvujaji ukakoma. Alipopima tena, stoma ilikuwa imeshuka hadi milimita 34, nami nilikuwa bado nakata kwa kipimo cha wodini. Ngozi iliyobaki wazi ilikwisha kuwa nyekundu na inawasha. Uvimbe wa upasuaji huendelea kupungua kwa wiki 6 hadi 8, kwa hiyo kipimo hurudiwa kila wiki. Nilikuwa nimeambiwa, niliona bamba limeshika nikaacha kupima.

Siku hiyo kwenye benchi la kungojea niliketi karibu na bwana mmoja aliyevaa suruali na mkanda, shati limechomekewa. Tukazungumza, akanieleza kwamba anaishi na stoma kwa miaka kadhaa. Nilimtazama tumboni bila haya nikijaribu kubaini iko upande gani, nikashindwa. "Kushoto, kama wewe," akasema, akaigonga kidogo kwa kiganja. Hakuna kipindi kilichonifanya nipumue kama kiganja kile. Mafunzo haya hayana mgeni wa namna hiyo, na inashangaza ukikumbuka yalikoanzia. Mwaka 1958 daktari Rupert Turnbull wa Cleveland, Marekani, alimwajiri Norma Gill kuwafundisha wagonjwa wa stoma, na sifa yake kubwa ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa na ileostomia. Shule ya kwanza ya kazi hiyo ikafunguliwa pale mwaka 1961. Hata mfuko wenyewe wa kunata ulibuniwa mwaka 1954 na muuguzi wa Denmark, Elise Sørensen, kwa sababu dada yake Thora, aliyekuwa na stoma, aliogopa kutoka nje asije akavuja mbele za watu. Mgonjwa mmoja wa zamani, kwa nusu saa, kabla ya mgonjwa mpya kuruhusiwa, angelifanyia somo hili kazi ambayo muuguzi, kwa ustadi wake wote, hawezi kuifanya.

Kwa aliye hospitalini sasa, au aliye na mtu wake huko: ulizeni kama kuna muuguzi wa stoma, na msingoje siku ya tatu kuuliza rangi ikoje. Mwombeni awape muda wa kukata bamba kwa mikono yenu kabla ya kuruhusiwa, na ulizeni ni aina gani ya stoma mliyowekewa, ili mjue kurasa zipi za kijitabu mziache.

Katika wiki ya sita alama zangu za wasiwasi zilikuwa 6 na kipimo cha stoma milimita 31. Nilimweleza muuguzi kuhusu ute na usiku ule wa mapokezi. Hakujitetea; aliandika, akasema ataiombea nafasi katika kipindi cha nne, na kwamba kijitabu kipya kikichapwa sentensi hiyo itasogezwa mbele. Vijitabu vilivyokuwa mezani kwake siku hiyo bado vilikuwa vya zamani. Nikachukua kimoja, nikaiandika kwa kalamu ndani ya jalada, kwa herufi kubwa, nikamrudishia ampe atakayefanyiwa Hartmann baada yangu.